Fowili na spidi: pikapu kuukuu iende ngapi?

Mwezi huu maswali ya injini nimeyaweka pembeni kwanza, mvua zimeshika na karibu kila aliyeandika anauliza kitu kilekile kwa namna yake, nikishaweka fowili (tairi zote nne zisukume) naruhusiwa kukanyaga mpaka ngapi? Nimechukua matano. Yote ni ya pikapu za zamani, zile za leva ya chuma pembeni ya gia: H2 zinasukuma tairi za nyuma tu, H4 ni zote nne, L4 ni zote nne kwa gia nzito. Wenye magari mapya ya kuzungusha kitufe mtanisamehe, zamu yenu itakuja.

Swali: Hiyo 80 ni ya nini?

*Shikamoo mzee. Mimi naendesha Hilux ya kizamani, LN106 injini 3L, nabeba mpunga toka Mlimba kuja Ifakara. Bosi anasema kitabu cha gari kimeandika 80 kwenye fowili, kwahiyo nikiwa chini ya 80 niko salama muda wote. Juzi nimetoka kwenye tope nikaingia lami bado nimeweka H4, sikutoa kwa sababu nilijua mbele kuna tope tena, nilivyokata kona kuingia sheli usukani ukawa mzito kama mtu kaushika na tairi zinalia kwii kwii. Je nimeua kitu?* (Dereva wa mpunga, Mlimba)

Marahaba mwanangu. Bosi wako kasoma kitabu vizuri ila kakisoma nusu. Ile 80 ambayo Toyota wameiandika kwenye vitabu vya Hilux nyingi za zamani ni spidi ya KUBADILISHIA, yaani ukiwa unatembea na H2 unataka kuvuta leva kwenda H4 bila kusimama, uwe chini ya hapo. Haisemi kwamba ukishaingia H4 basi 80 ni halali yako popote, lami, tope, mchanga, kona, mteremko. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya kila siku.

Sasa kilichokupata sheli. Gari ikikata kona kila tairi inachora duara lake, na za mbele zinachora duara kubwa kuliko za nyuma, yaani zinatembea njia ndefu zaidi. Chukua baiskeli yenye tairi mbichi uizungushe kwenye uwanja wa vumbi utaona michirizi miwili, haipiti mahali pamoja. Kwenye H2 hilo halina shida, mbele inazunguka kivyake. Ukiweka H4 kwenye hizi pikapu zetu, transfa (ile giaboksi ndogo iliyokaa nyuma ya giaboksi kubwa) inafunga propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu kwenye tairi) ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa, na katikati hakuna difu ya kugawa tofauti. Kwenye tope ile tofauti inaishia kwenye tope, tairi inateleza kidogo na maisha yanaendelea. Kwenye lami kavu inaenda wapi? Haina pa kwenda, inabaki ndani ya vyuma, propela zinajisokota, kros jointi (viungo vya propela) zinabanwa, usukani unakuwa mzito, mwisho tairi inashindwa inaruka kidogo ndio hiyo kwii uliyoisikia.

Kwa kona moja ya sheli hujaua kitu. Mimi kilinikuta kibaya zaidi, miaka hiyo naendesha pikapu ya mtu, nimetoka porini usiku nimechoka, nikaingia lami na H4 nikatembea nayo kama kilometa 40 nikijiambia gari leo imekuwa nzito labda breki zimeshika. Nilivyofika kwenye mzunguko ndio nikasikia TAK chini ya kiti, kros jointi ya propela ya mbele imekatika na propela inapiga chini ya bodi kama nyundo. Bahati nilikuwa 20 tu. Nikalala hapohapo nje ya gari, asubuhi nikatoa bolti nne za upande mmoja, nne za upande wa pili, propela nikaitupa nyuma nikaondoka na H2.

Na kuna kitu bosi wako hakijui, angalia tairi. Pikapu nyingi za mizigo mbele zina tairi zilizoisha na nyuma mpya au kinyume chake. Tupige hesabu ya harakaharaka: tairi yenye kimo cha sentimeta 73 hivi inazunguka mara moja kwa mita 2.3. Ikiwa ya nyuma ina kashata (meno ya tairi) nzima na ya mbele imelika milimeta 8, kila mzunguko zinatofautiana karibu sentimeta 5, na kwenye kilometa moja hiyo ni kama mita 20! Yaani hata ukienda moja kwa moja kama rula, bila kona yoyote, mbele na nyuma zinavutana mita 20 kila kilometa. Hapo ndio utaona kwanini mwingine anasema mimi natembea na H4 lami sina shida na mwingine gari inagoma ndani ya dakika tano.

Kwahiyo ukitaka namba zangu mimi, sio za kitabu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga huko kwenu ukiwa na tani moja mgongoni, 15 mpaka 30, na usipandishe ukaona inateleza ukasema niongeze resi. Kwenye changarawe iliyoshikana, 50, 60. Na ukiona barabara inakuruhusu kwenda 80 kwa raha bila kuteleza hata kidogo, basi hiyo barabara haikuhitaji uweke fowili, toa. Kutoa na kurudisha ni sekunde, habu za mbele (vifungo vya katikati ya tairi vinavyoiunganisha na eksel) ziache zimefungwa tu mpaka umalize safari ya tope, ila leva irudi H2 kila ukigusa lami. Na kubadilishia mimi nasubiri niwe chini ya 60, nyoosha usukani, achia mafuta, vuta. Usibadilishe katikati ya kona, na usibadilishe wakati tairi za nyuma zinazunguka bure kwenye tope na za mbele zimesimama, hapo unagonganisha meno.

Swali: Mawimbi ya barabarani

*Habari mkubwa. Niko Marsabit, nina Landkruza pikapu HZJ79. Barabara ya kuenda North Horr ina yale mawimbi kama bati, ukienda 30 gari inataka kuvunjika, ukienda 80 inatulia inakuwa kama inapaa. Madereva wa huku wote hukimbiza. Nikiweka fo-bai-fo naweza kwenda 80 hivyo salama ama?* (Msomaji, Marsabit)

Habari ni nzuri bwana mkubwa. Wanasema kweli kwamba inatulia. Ukishafika spidi fulani tairi haiwahi kushuka kwenye bonde la wimbi, inagusa vichwa tu, kwahiyo mwili wako unasikia raha na vikombe havigongani. Lakini jiulize raha hiyo imetoka wapi. Imetoka kwa sababu tairi haigusi chini muda mwingi! Na tairi isiyogusa chini haina breki na haina usukani. Ndio maana gari hizi zinapinduka sehemu iliyonyooka kabisa mchana kweupe, dereva kakutana na ngamia au kona ndogo tu ya kawaida, kakanyaga breki, mkia ukaja mbele.

Hesabu ya breki haidanganyi. Kwenye 80 unatembea mita 22 kila sekunde, na sekunde moja ndio ile ya kushtuka tu kabla mguu haujafika kwenye pedeli. Halafu umbali wa kusimama hauongezeki kwa kadiri ya spidi, unaongezeka kwa spidi mara yenyewe, kwahiyo toka 60 kwenda 80 unaona umeongeza theluthi tu lakini urefu wa breki unaongezeka karibu robo tatu zaidi. Hiyo ni juu ya barabara nzuri, weka na changarawe za mviringo zile kama gololi uone.

Fowili inasaidia hapo, sikatai. H4 kwenye changarawe inaituliza gari kwa sababu nguvu inagawanyika, tairi za nyuma haziponyoki ovyo ukiongeza mafuta, na ukiachia mafuta injini inazishika zote nne badala ya mbili za nyuma. Mimi kwenye njia ndefu ya vumbi naiweka H4 hata kama sijakwama, na wazee wengi wa safari wanafanya hivyo. Ila inakusaidia KUONDOKA na kushika njia, haikusaidii kusimama. Breki ziko kwenye tairi nne siku zote, uwe H2 uwe H4, na Landkruza yako ya enzi hizo sina hakika kama ina breki zozote za kompyuta za kukuokoa.

Kwa gari yako mimi ningebaki kwenye 50 mpaka 60, na kitu ambacho wengi hawafanyi ni kupunguza upepo. Ukitoka lami toa upepo kidogo, kama ulikuwa na PSI 40 nyuma bila mzigo shuka mpaka 28 au 30, tairi yenyewe itameza yale mawimbi na utashangaa 50 imekuwa na raha kama ile 80. Ila upepo ukishapungua spidi nayo ishuke, na ukirudi lami jaza kabla hujakimbia, tairi laini ikikimbizwa inachemka pembeni inapasuka. Ukishuka zaidi kwa ajili ya mchanga, 18 au 20, hapo usizidi 40.

Na usikimbize mchana kutwa bila kugusa shokapu. Simama kila saa moja, weka kiganja karibu nayo, usiishike! Shokapu ya gari kuukuu kwenye mawimbi inapata moto kiasi cha kuunguza mkono, oili ndani inakuwa kama povu na baada ya hapo huna shokapu, una bomba tu. Na kama safari yako inakatiza Chalbi, ile ni ziwa lililokauka, ikinyesha inarudi kuwa tope, hapo usiulize spidi, zunguka.

Swali: Mlima wa lami na askari anataka fowili

*Assalam aleikum. Mie nipo Maskati, asili yetu Unguja. Nina Landkruza pikapu kongwe, hii ya petroli injini 4.5 ambayo huku wanaiita Shasi. Tukipanda Jabal Akhdar, pale Birkat al-Mawz polisi hawakupitishi mpaka gari iwe fowili. Sasa njia yote ni lami kavu na kona za kujipinda. Wewe umeshaandika fowili haiwekwi lami, sasa na askari kasimama pale nifanyeje? Na kushuka breki zanuka.* (Shekhe mwenye Shasi, Maskati)

Waaleikum salaam shekhe wangu. Hili swali limenifurahisha kuliko yote. Askari pale anaangalia gari ina uwezo huo, sababu kubwa ni kushuka na wala sio kupanda. Uwanda wa Sayq uko juu karibu mita 2,000 na njia inashuka mfululizo, sasa gari ndogo isiyo na gia nzito dereva anashuka amekanyaga breki mwanzo mwisho, breki zinaungua, pedeli inalala chini, basi. Ndio hiyo harufu uliyoisikia. Harufu ni onyo, ukiendelea kidogo tena oili ya breki inachemka na hapo pedeli inakuwa kama unakanyaga sponji.

Kupanda, panda na H2, gia ya pili au ya tatu, huhitaji kingine. Kushuka sasa. Kama habu zako za mbele ni zile za kuzungusha kwa mkono, kuna ujanja wa wazee: shuka kwenye gari, zungusha habu zote mbili ziwe FREE, kisha rudi weka leva kwenye L4. Kwa leva gari iko fowili nzito, lakini mbele habu zimeachia kwahiyo tairi za mbele zinazunguka zenyewe bila kuvutana na propela. Unapata gia nzito kwenye tairi za nyuma tu na kona utazikata bila usukani kugoma. Ile L inapunguza mwendo karibu mara mbili na nusu, kwahiyo gia iliyokuwa inakupa 50 inakupa kama 20, na injini yenyewe ndio inakuwa breki. Gia ya tatu ya L, mguu nje ya mafuta, 25 mpaka 30, breki unagusa tu kabla ya kona kisha unaachia zipoe.

Ujanja huu una masharti mawili. La kwanza, ukiwa hivyo usikanyage mafuta kwa nguvu, maana nguvu yote ya gia nzito inaenda kwenye eksel moja ya nyuma na inaweza kukata shafti, hii ni ya kushukia. La pili, njia ikiwa na maji au mchanga juu ya lami usiitumie, breki ya injini kwenye tairi za nyuma peke yake inaweza kuvuta mkia. Siku hiyo shuka taratibu tu, wenye haraka wapishe.

Kuingiza L ni gari ikiwa imesimama kabisa. Nimeona watu wanaingiza inatembea, inalia kama unasaga mawe, halafu wanasema transfa za siku hizi hazidumu.

Swali: Lami mbichi, pikapu tupu

*Kaka habari. Nina Hilux LN167, 5L, ya biashara ya viazi Njombe. Nikiwa na mzigo inatulia, nikirudi tupu na mvua mkia unataka kuondoka kwenye kona. Mwenzangu kaniambia niweke H4 niende zangu 90. Ni kweli dada zenu tunadanganywaga?* (Mama viazi, Njombe)

Nzuri dada yangu. Umedanganywa nusu. Kwenye lami mbichi H4 inapunguza kuteleza ukiongeza mafuta, lakini lami ikilowa bado ina mshiko wa kutosha kubana zile propela, kwahiyo kwenye kona usukani unagoma na gari inataka kwenda mbele badala ya kugeuka. Na kwa 90 haikusaidii chochote kusimama.

Shida yako naihisi iko sehemu tatu. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi sana, weka viroba vitatu vinne vya mchanga juu ya difu la nyuma, uvifunge kwa kamba. Pili tairi, soma zile namba nne za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT, mfano 2315 maana yake wiki ya 23 mwaka 2015, tairi ya umri huo hata kama ina kashata nzuri mpira wake umeshakuwa mgumu na kwenye maji haishiki. Tatu, na hii wanawake kwa wanaume hawaulizi, je ulishaongezewa springi nyuma ili ibebe magunia zaidi? Kwenye Hilux nyingi hizi kuna fimbo ndogo toka kwenye eksel ya nyuma inaenda kwenye kidude cha breki, kazi yake kusikia mzigo, gari ikilala breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi, ikinyanyuka zinapunguziwa. Fundi akiongeza springi gari inanyanyuka, kile kidude kinadhani siku zote huna mzigo, kwahiyo siku una tani ya viazi breki za nyuma zinafanya kazi kidogo na za mbele zinateseka peke yake. Mwambie arekebishe ile fimbo, wengi wanaiona ila hawajui kazi yake, wengine wanaifunga na waya kabisa, umwangalie.

Spidi? Tupu na mvua, kwenye kona za huko milimani, 50 mpaka 60, H2. Na ukiona kibao cha 50 hapo ndio usibishe, tochi hazijali mvua.

Swali: Imegoma kutoka

*Mzee nimeweka H4 vizuri, sasa narudisha H2 leva haitoki, nimevuta mpaka mkono unauma. Niipige nyundo?* (Kijana, Mkuranga)

Nyundo weka chini! Vyuma vimejisokota, umetembea sehemu ngumu au umekata kona nyingi. Weka rivasi, rudi nyuma mita tano mpaka kumi ukiwa umenyoosha usukani, kanyaga klachi na uvute leva taratibu gari ikiwa bado inatambaa. Ikigoma, peleka tairi za upande mmoja kwenye mchanga pembeni ya barabara, Mkuranga mchanga haukosekani, cheza mbele nyuma kidogo itaachia yenyewe. Kama ina habu za kujifunga zenyewe, kurudi nyuma ndio kunazifungua pia, na ikishatoka shuka uziangalie, kama moja haijaachia, mpelekee fundi kabla hujaingia barabara ya Kilwa.

Ikishindikana kabisa, piga jeki tairi moja ya mbele, weka mawe kwa zilizobaki. Tairi ikipanda hewani utaisikia inajizungusha yenyewe kidogo, tuk, na leva itakuja na kidole kimoja.